Regyuleta Tatu Zilizorudi na Muhuri

Kazi niliyoajiriwa kufanya bwawani ilikuwa ya kuandika. Kinachoingia stoo nakiandika, kinachotoka nakiandika, na kila Ijumaa nahakikisha kwamba vyote vimerudi mahali pake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi fupi ya ukarani mjini Meru, na maishani mwangu sikuwa nimeona maji mengi kuliko yale ya mfereji uliopita nyuma ya shamba letu kule Ruiri.

Bwawa hilo la umeme lilikuwa upande wa chini wa Embu, ukishapita Gachoka na kuzidi kushuka mpaka joto likukamate shingoni. Kwetu watu huamka wakatafuta sweta. Huku kwa Wambeere, kufika saa tatu asubuhi mabati ya stoo yalikuwa yameanza kupasukapasuka kwa joto, na mbuzi wa majirani walikuwa wamejilaza chini ya malori yetu. Wiki ya kwanza niliandika barua nyumbani kusema kwamba nitarudi. Nilikaa nayo kwenye droo, nikachelewa kuipeleka posta, halafu nikaona haya kuipeleka.

Stoo niliyopewa ilikuwa ya vifaa vya wapiga mbizi. Walikuwa wanaume wanne, na kazi yao ilikuwa kuteremka chini ya maji kukagua milango ya chuma ya bwawa na kusafisha wavu mkubwa uliozuia takataka zisiingie kwenye mitambo. Mvua ikinyesha huko juu kwetu mlimani, mito ilileta magogo, mabua ya mahindi, magugu, wakati mwingine hata ng'ombe aliyekufa, na vyote vikaenda kujibana kwenye wavu ule. Hapo mtambo ulizimwa, wakateremka wawili wawili, kamwe si mmoja, wakafanya kazi kwa kupapasa kwa sababu maji yenyewe yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kiongozi wao alikuwa Mmbeere wa makamo, mfupi, kifua kipana, sauti ndogo. Sote tulimwita Mzee ingawa hakuwa na mvi. Alijifunza kuogelea kabla bwawa halijajengwa, akivusha mbuzi wa baba yake ng'ambo ya mto Tana. Baadaye shirika lilimpeleka Mombasa akasomeshwa kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Siku za mapumziko alitafuna muguka, majani ya kuchangamsha, kama wenzake. Siku ya kuzama hakutia hata jani moja mdomoni.

Siku ya tatu alikuja kuangalia kitabu changu.

"Hapa umeandika nini?" akaniuliza.

"Nimeandika ninavyoona."

Akasoma kwa sauti: "Mpira mweusi mrefu wenye mdomo, vipande vinne." Akaweka kidole juu ya mstari ule. "Binti, hii ndiyo inayonirudisha kwa watoto wangu. Tafadhali iandike kwa jina lake."

Basi akanikalisha juu ya sanduku akanifundisha. Kitu kile kiliitwa regyuleta. Hewa iliyo ndani ya mtungi imeshindiliwa kwa nguvu nyingi, na mtu akiivuta ilivyo itampasua mapafu. Kwa hiyo kuna kichwa cha chuma kinachofungwa juu ya mtungi, kazi yake kuipunguza ile nguvu. Kutoka hapo hewa inapita kwenye mpira mpaka kwenye mdomo wa kupumulia, na mdomo ule hutoa hewa pale tu unapovuta. Ukiacha, unafunga. Upande wa chini wa mdomo kuna kijipande cha mpira laini, cha mviringo kama kichwa cha uyoga. Ukitoa pumzi kinainuka kupitisha pumzi yako, kisha kinajilaza tena ili maji yasiingie.

"Ni kama valvu ya pampu," nikasema.

Akanitazama. "Valvu za pampu umezijulia wapi?"

Nikamweleza. Baba yangu alikuwa fundi wa mradi wa maji pale kijijini. Alitembea na washa, zile pete za mpira za kuziba viungo vya bomba, mfukoni kama wazee wengine wanavyotembea na ugoro. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa nyumbani, kwa hiyo tangu darasa la pili nilikuwa namshikia spana, na nilijua kwa kugusa tu ikiwa mpira umezeeka au umewekwa kinyume. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari hizo katika mahojiano ya kazi.

Mzee akaniwekea mdomo wa kupumulia mkononi. "Haya. Jaribio la kwanza halihitaji hata mtungi. Ziba huku juu kwa kifuniko chake, weka mdomoni, vuta pumzi. Unapata nini?"

Nikavuta. Mashavu yalinibana kwenye meno, sikupata kitu.

"Hakuna."

"Vizuri. Ukipata hewa hapo, jua kuna mahali inapopenya. Na mahali hewa inapopenya huku juu, chini kule patapenya maji."

Jambo hilo sikulisahau. Kila jioni kabla ya kufunga stoo nilizivuta regyuleta zote nne, moja baada ya nyingine, halafu nikazipangusa mdomo kwa dawa. Hakuna aliyeniagiza. Walinzi waliniona kupitia dirishani wakadhani nina ugonjwa wa kifua.

Nilipokaribia kumaliza mwaka, shirika lilipeleka regyuleta tatu kati ya zile nne kwenye karakana moja Nairobi zikafanyiwe matengenezo. Tulibaki na moja tu, na kwa kuwa watu huteremka wawili wawili, kazi ya chini ya maji ilisimama. Mvua za Machi zikaanza mapema. Wavu ulianza kuziba. Siku ambayo gari lilirudi na zile tatu, Injinia, mkubwa wetu pale bwawani, alikuwa amesimama mlangoni kwangu kabla dereva hajazima injini.

Zilikuja kwenye sanduku zuri, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki, ikiwa na karatasi iliyopigwa muhuri wa buluu: imekaguliwa, iko sawa. Kazi yangu ilikuwa kutia saini kwamba nimezipokea zikiwa katika hali njema.

"Tia saini, karani," Injinia akasema. "Mtambo namba moja umezimwa tangu alfajiri ukiwasubiri hawa watu."

"Nizijaribu kwanza, bosi. Dakika kumi."

Alitazama saa yake, nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Ya kwanza nikaivuta, sikupata kitu, nzuri. Nikaifunga kwenye mtungi, nikaitumbukiza kwenye beseni la maji. Haikutoa hata kipovu. Ya pili pia haikunipa hewa nilipoivuta, lakini ilipoingia kwenye beseni vipovu vidogo vilianza kupanda kutoka pale mpira wa geji, saa ya kupimia hewa iliyobaki, unapoungana na kichwa cha chuma. Ya tatu niliivuta na hewa ikaja, laini, bila taabu yoyote, kama mtu anayevuta kwa mrija. Nikavuta tena. Ikaja tena.

Nikaiweka mezani. "Siwezi kutia saini, bosi. Hii moja ni nzima. Hizi mbili ni mbovu."

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa Embu mjini, mpole, mhubiri msaidizi kanisani kwake, lakini siku hiyo wakubwa wa Nairobi walikuwa wamempigia simu mara tatu kuuliza habari za mtambo. Akachukua zile karatasi akazisukuma mbele yangu.

"Zimetoka kwa fundi mwenye cheti. Wewe una cheti cha nini?"

"Cha ukarani."

"Sasa?"

Nilijua nikifukuzwa nitarudi Ruiri kueleza nimefukuzwa kwa sababu gani, na hakuna mtu atakayeelewa. Lakini kalamu sikuishika. Nikasema, kwa sauti ambayo naikumbuka mpaka leo kwa sababu haikuwa yangu ya kawaida, "Bosi, nikiandika kwamba ni nzima nitakuwa nimeandika uongo, na atakayekunywa huo uongo ni Mzee."

Mzee alikuwa ameegemea ukuta muda huo wote, amevaa suti yake ya mpira mpaka kiunoni, akitokwa jasho. Alikuja polepole, akachukua ile regyuleta ya tatu, akaivuta mwenyewe mara moja. Halafu akaupangusa ule mdomo wa kupumulia kwa kitambaa, akampa Injinia.

"Vuta."

"Mimi si mpiga mbizi."

"Najua. Vuta tu."

Injinia akaiweka mdomoni, akavuta. Akaitoa, akaitazama.

"Inakuja vizuri," akasema.

"Haifai kuja," Mzee akamwambia. "Imezibwa huko juu. Sasa fikiria uko mita kumi na mbili chini, gizani, mikono yako iko ndani ya wavu, na hicho ulichovuta si hewa."

Injinia aliketi juu ya sanduku langu. Kisha akaniuliza mimi, si Mzee, "Unaweza kujua imeharibika wapi?"

Nikasema naweza kuangalia. Nikafungua mdomo ule kwa bisibisi ndogo, Mzee akiwa ameinama begani mwangu. Sikuhitaji kwenda mbali. Kile kijipande cha mpira, kichwa cha uyoga, kilikuwa kimewekwa kwa haraka na ukingo wake mmoja ulikuwa umekunjika kuelekea ndani, kama ukosi wa shati la mtu aliyevaa akikimbia. Nikakitoa, nikakiosha, nikakiangalia kwenye mwanga kama kimepasuka. Kilikuwa kizima. Nikakirudisha, nikazungusha kidole ukingoni kote mpaka nikahisi kimelala. Nikafunga, nikavuta. Sikupata kitu. Mzee akavuta. Tukaifunga kwenye mtungi, tukaiacha ndani ya beseni robo saa nzima kwa saa ya Injinia.

"Mimi nitaivaa hiyo," Mzee akasema.

Alimpa mwenzake ile ambayo haikuwa imepelekwa Nairobi, akavaa niliyotengeneza mimi. Nilifunga stoo nikawafuata mpaka kwenye chelezo cha mapipa walikoteremkia, kitu ambacho sikuwa nimewahi kufanya. Nilisimama pale nikitazama vipovu vikitokea juu ya maji, mafungu mawili, nikijaribu kutambua vya Mzee ni vipi. Dakika arobaini. Walipotoka, Mzee aliinua miwani yake, akatema mate, akasema, "Kavu kabisa." Jioni ile mtambo uliwashwa, na wakati wa chakula mmoja wa wapiga mbizi alinisogezea kiti. Nilikwenda kulala nikiwa nimevimba kichwa.

Naandika haya ya kuvimba kichwa kwa sababu yalikuwa na matokeo.

Ilibaki ile ya pili, iliyotoa vipovu kwenye mpira wa geji. Nilikwisha jua ni ringi ya mpira inayoziba kiungo iliyokuwa na kasoro, kwa hiyo niliifungua. Ringi iliyowekwa ilikuwa na mkwaruzo. Stoo ya jirani walikuwa na ringi za pampu za maji, boksi zima, na nilipata moja iliyofanana nayo kwa upana na kwa unene. Niliipaka grisi, nikaifunga, nikatia beseni. Hakuna kipovu. Niliingoja dakika tano, siyo robo saa, na sikumwita Mzee aje kuangalia. Nikaandika kitabuni: imetengenezwa. Nikaweka saini yangu.

Wiki iliyofuata waliteremka tena, na aliyeivaa alikuwa mpiga mbizi mdogo wao, kijana wa Siakago aliyekuwa ameoa miezi michache tu nyuma. Mimi nilikuwa stoo. Nilisikia kelele za watu kwenye chelezo, nikatoka mbio. Mzee na kijana walikuwa wametokeza mbele ya wakati, wameshikana mabega, na kutoka mgongoni kwa kijana hewa ilikuwa inapuliza kwa mlio mkali kama wa tairi la lori lililotobolewa. Mzee alinyoosha mkono akafunga mtungi, na pakawa kimya.

Hakuumia mtu. Ringi ile ya pampu ilikuwa ya mpira laini, haikuumbwa kwa nguvu ya mtungi, na ilipokaa chini ya mgandamizo kwa muda ilisukumwa ikatoka nje ya nafasi yake. Mzee alisikia mlio wa hewa gizani, akamgusa kijana, wakapanda pamoja taratibu kama walivyosomeshwa. Lakini nilimwona yule kijana akikaa juu ya mapipa, akijaribu mara tatu kufungua mkanda wa mtungi, na nilijua ni mimi niliyemfikisha hapo.

Nilienda ofisini kwa Injinia kabla ya Mzee kufika. Nilimweleza yote, ringi ya pampu, zile dakika tano. Nilimwambia, "Fundi wa Nairobi hakuhusika na hili. Hili ni langu." Nilikuwa nimekwisha kubeba sanduku langu la nguo moyoni.

Injinia alisikiliza akigeuzageuza kalamu. Mzee aliingia, bado akidondosha maji kwenye sakafu, akasimama karibu na mlango.

"Umemsikia?" Injinia akamwuliza.

"Nimemsikia."

"Unasema aje?"

Mzee alifikiri. "Alikosea. Lakini ameleta kosa mwenyewe, halijatafutwa. Mimi nimefanya kazi na mafundi ishirini na hakuna aliyewahi kuniletea kosa lake." Halafu akanigeukia, na macho yake hayakuwa na upole. "Lakini usiwahi tena kuweka saini juu ya kitu changu bila mimi kukiona."

Injinia hakunifukuza. Alinipa kazi ambayo wakati ule niliiona kuwa adhabu: nichukue zile regyuleta mbili zilizokuja na kasoro, pamoja na geji ya ile ya pili, nipande gari la shirika mpaka Nairobi, nisimame ndani ya karakana ile, na nisiondoke mpaka zitengenezwe mbele ya macho yangu.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya mashua na vya zimamoto. Fundi alikuwa mzee kweli, miwani imefungwa kwa uzi, meza yake imejaa vichwa vya chuma vilivyofunguliwa kama saa. Alisoma karatasi yangu, akatazama muhuri wake mwenyewe.

"Hizi nilizimaliza juzijuzi tu."

"Ndiyo, mzee wangu. Naomba beseni la maji."

"La nini?"

"Nikuonyeshe."

Alikasirika, na mimi pia nilikuwa nimekuja na hasira yangu kutoka Mbeere, nimeikumbatia njia nzima. Nilitaka kumwambia habari za kijana wa Siakago. Nilitaka kumweleza ule mpira ulivyokuwa umekunjika. Lakini kila nilipofungua mdomo niliona ile ringi ya pampu na zile dakika zangu tano. Kwa hiyo nilimwambia kwanza langu. Nilimweleza nilivyopata mpira uliokunjwa nikaunyoosha, nilivyojiona fundi, na nilivyokaribia kumdhuru mtu. Alikuwa ameshika bisibisi hewani wakati wote nikizungumza. Nilipomaliza aliiweka chini.

"Ringi za kufaa hazijaletwa miezi minne sasa," akasema polepole. "Natafuta kwenye boksi la zilizobaki. Nachagua inayokaribia." Akavua miwani. "Na macho siku hizi hayanioneshi mkwaruzo. Lakini muhuri napiga, kwa sababu wenye duka wanataka sanduku litoke."

Alikwenda nyuma akaleta beseni mwenyewe.

Nilikaa pale siku nne, si moja. Nililala kwa shangazi yangu Kariobangi na kila asubuhi nilikuwa mlangoni kabla yake. Mwenye duka aliposikia habari yenyewe alipata ringi za kufaa kwa mtu mwingine mjini. Fundi yule alinifundisha kila kitu alichojua, kwa lugha fupi, bila kurudia. Ringi hii ni ya nguvu nyingi, ngumu, usiibadilishe na jamaa yake laini. Grisi ya gari isiguse hapa, inakula mpira. Chuma chenye ncha kisiingie mahali ringi inapokaa. Alinifanya nifungue kichwa cha regyuleta kipande kipande na kukiunga tena mara sita, ya sita nikiwa nimefumba macho, kwa sababu alisema kuna siku balbu itaungua. Yeye alikuwa na mikono na mimi nilikuwa na macho, na siku ya tatu tuligawana kazi hivyo: yeye anaunga, mimi namulika na kukagua ukingo. Tuligundua mikwaruzo kwenye vifaa vya wateja wengine watatu. Aliviweka kando, hakuvipigia muhuri.

Nilipoaga alinipa kitambaa kilichofungwa fundo, ndani yake mna ndoano ndogo ya shaba aliyoichonga mwenyewe ya kutolea ringi bila kukwaruza. Nilisema, "Asante, mwalimu," naye akaitikia kwa kichwa akarudi mezani.

Nilirudi bwawani na regyuleta mbili ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeziunga, naye akiwa amesimamia. Mzee alizivuta, akaziweka kwenye beseni, akavuta kiti, akakaa nusu saa nzima akitazama maji yaliyotulia. Alipoinuka alisema, "Haya," akaenda zake. Kwa mtu yule, "haya" ilikuwa hotuba.

Injinia aliandika barua nyingi ambazo sikuziona, na baada ya mwaka mmoja na nusu nilipelekwa Mombasa kusomea matengenezo ya vifaa vya kupumulia. Tulikuwa kumi na mmoja darasani, mwanamke ni mimi peke yangu, na mtu wa bara ni mimi peke yangu. Siku ya kwanza mkufunzi aliuliza kama naijua bahari. Nikamwambia siijui, ila najua mpira. Walicheka, nami nikacheka nao, na mtihani ulipokuja nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa baharia aliyefanya kazi hiyo miaka tisa. Cheti kile nilimpelekea baba kule Ruiri. Alikisoma amesimama, akakisoma tena ameketi, kisha akaniuliza kama regyuleta inatumia washa ya robo inchi. Tulizungumza habari za washa mpaka mama akapakua chakula mara ya pili.

Kulikuwa na jambo moja Mzee aliendelea kunisumbua nalo. "Fundi wa gari huendesha gari," alikuwa akisema. "Wewe unatengeneza kitu ambacho hujawahi kukitumia." Nilikuwa na sababu yangu: sikujua kuogelea. Alisema hiyo si sababu, hiyo ni habari tu. Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, kwenye kidimbwi cha kuogelea cha kambi ya wafanyakazi, alinifundisha, mimi nikiwa nimevaa kaptura ndefu na fulana, wake za wafanyakazi wakitazama kutoka kwenye ukuta huku wakichambua pojo. Mwanzoni walicheka. Baada ya miezi miwili wawili kati yao walikuwa ndani ya maji pamoja nami.

Siku aliyoniteremsha ilikuwa ya kiangazi, maji yametulia, mitambo ya upande ule imezimwa, na watu wawili wamesimama juu ya ukingo kuangalia mamba ingawa hapo hawakuonekana mara kwa mara. Nilifungwa kamba kiunoni. Mzee alivaa regyuleta niliyotengeneza, na mimi nikavaa nyingine niliyotengeneza. Aliponiuliza nimechagua ipi, nilimwambia nimechukua ile iliyokuwa mwisho kwenye msumari, sikuchagua.

"Vizuri," akasema. "Ungechagua, ningekuvua suti."

Tuliteremka kwa kushika mnyororo wa chelezo. Mita nne tu. Mwanga ukawa wa kahawia, kisha wa kahawia nzito, kisha nikaacha kuuona mkono wangu. Miguu iligusa matope, ikazama mpaka kwenye vifundo. Niliushika mdomo ule kwa meno kama mtoto, nikavuta, na hewa ikaja. Nikatoa pumzi, nikasikia vipovu vikinipita masikioni, na kijipande kile cha mpira kikagonga kidogo kilipojilaza. Nilikijua mlio ule. Nilikuwa nimekiweka kwa kidole changu juzi yake, na sasa kilikuwa kinafunga mto mzima wa Tana usiniingie kinywani. Nikavuta tena. Ilikuwa hewa kavu, yenye ladha kidogo ya mpira. Mkono wa Mzee uliniminya begani mara moja, maana yake uko sawa, nami nikamminya mara moja, maana yake niko sawa. Tulikaa pale gizani tukipumua, watu wawili, labda dakika kumi, bila kufanya kazi yoyote.

Tulipotokeza jua lilinipiga usoni nikafumba macho. Yule kijana wa Siakago, ambaye sasa alikuwa na watoto wawili, ndiye aliyenivuta kwa mkono kunipandisha kwenye chelezo. Akaniuliza nimeona nini huko chini.

"Hakuna cha kuona," nikamwambia.

"Sasa mbona unacheka?"

Sikuwa nimejua kwamba nacheka. Nilivua mitungi, nikaosha regyuleta zote mbili kwa maji safi, nikazitundika kivulini zikauke, kisha nikaenda jikoni na nywele zangu zinadondosha maji, nikala sahani mbili za githeri nikiwa nimesimama.